Duka Lililo Karibu na Maji

Msumari mbaya haujulikani siku ya kununuliwa. Hujulikana mwaka wa pili au wa tatu, fundi anapobandua ubao wa ubavuni na kukuta mahali pa msumari pamebaki kutu tupu, na mbao iliyouzunguka imeliwa ikawa nyeusi na laini. Wakati huo aliyeuuza ameshasahau, na aliyeununua hakumbuki tena aliutoa wapi. Kwa hiyo swali la wapi pa kununulia vifaa vya chombo halijibiwi kwa kulinganisha bei peke yake.

Tuanze na msumari huohuo. Katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi utaukuta unang'aa, laini, umefungwa kwenye pakiti yenye bei juu yake. Mng'ao ule ni zinki iliyopakwa kwa umeme, na unene wake kwa kawaida ni mikroni 5 hadi 12. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Msumari wa chombo umechovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto. Rangi yake ni ya kijivu iliyofifia, ukiupapasa unakwaruza na una vinundu, na zinki yake hufika mikroni 50 hadi 85. Katika maji ya chumvi zinki huliwa kwanza ili chuma kisalimike, hivyo unene wa zinki ndio umri wa msumari. Kwenye kenchi la nyumba Dodoma, ambako hewa ni kavu, ule wa kung'aa utakaa miaka mingi bila shida. Ukiupigilia kwenye ubavu wa mashua unaanza kuhesabiwa siku.

Duka kubwa hapo halikumdanganya mtu. Limeuza msumari wa nyumba kwa bei ya msumari wa nyumba. Kasoro ni kwamba katika safari nzima, kutoka rafu hadi kwa mlipaji pesa, hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza msumari unakwenda wapi.

Nyuma ya kila diko kubwa la pwani, na nyuma ya mialo ya Ziwa Victoria, kuna duka la namna nyingine. Mara nyingi ni chumba kimoja chenye giza kidogo. Pamba ya kalafati imening'inia, misumari iko kwenye madebe na huuzwa kwa kilo, kamba hupimwa kwa pima, mafuta ya sifa yananuka kutoka kwenye pipa la nyuma, na juu ya meza kuna plagi, ndoana, nyuzi za kushonea nyavu na maboya. Mwenye duka ama aliwahi kuwa baharia, ama ni mtoto wa fundi, ama amekaa na mafundi muda mrefu hata kazi yao ikamwingia. Kijana akija, mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, mzee. Nipe parafujo za stenlesi, za inchi tatu."

"Marahaba, mwanangu. Unafunga nini?"

"Ubao wa chini, karibu na mkuku."

"Chini ya maji? Basi hizo ziache. Chukua misumari ya kuchovya, au kama una pesa, agiza za shaba nyeusi."

Kijana alikuwa tayari kulipa zaidi, na mzee amemzuia asitumie pesa yake. Sababu anaijua kwa macho hata kama hajaisoma kitabuni. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba sana unaohitaji hewa ya oksijeni ili ujirudishe kila unapokwaruzwa. Ikizikwa ndani ya mbao iliyolowa hewa hiyo haifiki, na chuma huanza kutoboka kimyakimya ndani ya tundu lake huku kichwa cha nje kikibaki kinameta. Juu ya sitaha, penye hewa, stenlesi inafaa sana, na hapo napo ichaguliwe ile ya daraja la 316, iliyoongezwa molibdeni ili istahimili chumvi, badala ya 304 ambayo ndiyo imejaa kwenye maduka ya vifaa vya jikoni na mageti. Shaba nyeusi, ile iliyochanganywa na bati, hustahimili bahari. Shaba ya njano, yenye zinki ndani yake, chumvi huinyonya zinki hiyo, na kinachobaki ni kitu chekundu kinachovunjika kwa vidole. Metali hizi mbili kwenye rafu zinafanana kiasi cha kumchanganya mtu yeyote asiyeambiwa.

Mapema katika sura hii nataka msimamo wangu ujulikane: kitu chochote kinachozama majini au kinachobeba uzito wa chombo, kinunuliwe kwa mtu anayeweza kukuuliza swali. Mengine yana mjadala, na nitayafikia.

Lakini maarifa si sababu pekee, wala si kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni saa ya maji, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa watu wa mjini hulipita jambo hili haraka mno.

Chombo cha mbao hakipelekwi gereji. Hupwelezwa. Maji yakijaa sana, wakati wa bamvua, hupandishwa juu ya mchanga kadiri kinavyoweza kufika. Maji yakipwa kinabaki pakavu, kimeegemezwa kwa magadi, tumbo liko wazi. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani kila baada ya wiki mbili hivi. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya na Tanzania hupita mita 3. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayana nguvu ya kukifikia tena chombo kilichopandishwa juu. Na kati ya kupwa na kujaa kuna saa sita tu.

Ndani ya saa hizo kazi ni nyingi. Majani na magamba yanakwanguliwa. Moto wa makuti unapitishwa chini ya chombo ili kuwaua wadudu wanaotoboa mbao. Pamba iliyooza inatolewa kwenye maungio na pamba mpya, iliyolowekwa mafuta, inasindiliwa kwa patasi na nyundo. Msumari uliolegea unang'olewa, tundu linapekechwa upya kwa keekee, na msumari mpya unazungushiwa uzi wa pamba shingoni kabla haujapigiliwa ili maji yasipate njia. Mwisho tumbo zima linapakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Yote hayo maji yakiwa tayari yameshaanza kurudi.

Sasa pamba ikiisha saa tatu asubuhi? Mtoto anatumwa mbio dukani, anarudi na robo kilo, kazi inaendelea. Fundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hata akijua kwamba Mombasa kuna duka ambalo pamba yake ni nafuu kwa theluthi, habari hiyo haimsaidii kitu. Mombasa iko mamia ya kilomita kutoka kwake na bahari iko kwenye magoti yake. Ubao ukibaki wazi, chombo kitasubiri bamvua ijayo. Wiki mbili za chombo kukaa mchangani ni wiki mbili za nahodha na mabaharia wake kukaa bila mgawo, na hakuna punguzo la bei ya pamba linaloweza kufidia hayo. Duka dogo la karibu huuza robo kilo, huuza bolti moja, huuza pima mbili za kamba, tena hufungua kabla jua halijachomoza ikiwa maji ndivyo yalivyopanga. Mimi naihesabu hiyo kuwa sehemu ya bidhaa yenyewe.

Saa ya maji ina ndugu yake, nayo ni pepo. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo vingi havitoki. Ndio wakati mzuri wa matengenezo, na ndio wakati mfukoni hamna kitu. Gharama na kipato havikutani. Duka lenye matawi mengi halina njia ya kulijua hilo, kwa sababu mashine yake inataka pesa leo. Mwenye duka la dikoni ana daftari. Anajua nahodha gani hulipa kaskazi ikitulia, nani hulipa nusu, na nani asiandikwe tena. Bila daftari hilo vyombo vingi vingeoza juu ya mchanga.

Nisilisifu daftari kupita kiasi, hata hivyo. Mkopo una bei, na bei hiyo imefichwa ndani ya kilo ya misumari. Mahali pengine mwenye duka ndiye pia mnunuzi wa samaki: anakupa injini na nyavu, nawe unafungwa kumuuzia samaki wako yeye peke yake, kwa bei anayoitaja yeye. Katika mialo ya Ziwa Victoria mpango huu umeenea sana, na wapo wavuvi waliozeeka ndani yake bila kumiliki hata kasia. Mtu akienda kukopa aulize bei mbili, ya taslimu na ya daftari, na azitake zote mbili kabla hajataja shida yake. Muuzaji mwaminifu atazitaja bila kununa.

Kuhusu kamba, mababu walioshona mitepe kule Lamu na visiwa vyake hawakuhitaji duka. Kamba ilitoka kwenye makumbi ya nazi na tanga lilikuwa mkeka. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kamba ya katani ikatawala hadi plastiki ilipokuja. Leo tatizo limegeuka: kamba ni nyingi, zinafanana, na kila moja ina tabia yake. Nailoni hurefuka ikivutwa, kwa hiyo humeza mshtuko wa mawimbi, na huzama majini. Ndiyo ya nanga. Polipropilini, ile ya buluu au ya kijani ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, huelea na jua huila mpaka inakuwa vumbi mkononi. Inafaa kufungia maboya ya nyavu. Ukiifanya ya nanga italala juu ya maji ingojee rafadha ya mwenzako. Poliesta haivutiki sana, ndiyo ya jarari na demani.

Duka kubwa huuza kamba ya nanga ikiwa imekatwa tayari, tuseme mita 20, imefungwa vizuri. Muuzaji wa dikoni atauliza unatia nanga wapi. Kanuni ya mabaharia ni kutoa kamba yenye urefu wa mara tano hadi saba ya kina cha maji. Ukitia nanga penye mita 3 maji yakiwa yamekupwa, wakati wa bamvua utajikuta kwenye mita 6 au zaidi baada ya saa sita. Mara tano ya 6 ni 30. Ile ya mita 20 ilikuwa sahihi ulipotia nanga, na baada ya saa hizo sita chombo kinaburura nanga kuelekea kwenye mwamba. Kipande cha mnyororo mbele ya kamba hupunguza hatari kwa kuilaza nanga ishike vizuri, na hilo nalo huambiwi na pakiti.

Tena ujuzi wa mahali haumaanishi pwani peke yake. Injini ya nje ina kipande cha metali kilichofungwa kwenye mguu wake ili kiliwe badala ya mguu, kama zinki ya msumari. Katika bahari kipande hicho kwa kawaida ni cha zinki. Katika maji baridi ya Mwanza, Kisumu au Kigoma, zinki hujifunika utando mgumu na kuacha kufanya kazi. Pale hufungwa cha magnesi. Nacho cha magnesi ukikishusha baharini kitayeyuka upesi mno. Ghala moja la Dar es Salaam likituma boksi lilelile Tanga na Mwanza, mmoja kati ya wateja hao ameuziwa pambo.

Huku kwetu hatuna bado kampuni kubwa yenye matawi nchi nzima inayouza vifaa vya vyombo vya majini tu. Marekani wanayo, na historia yake inafundisha. Mwaka 1968 Randy Repass alianza kuuza kamba za nailoni kwa posta kutoka kwenye gereji ya nyumba huko Sunnyvale, California. Biashara aliiita West Coast Ropes. Mwaka 1975 akafungua duka Palo Alto, na kampuni ikaja kuitwa West Marine. Ilianza kuuza hisa kwa umma mwaka 1993, ikainunua E&B Marine mwaka 1996, ikayachukua maduka ya BoatU.S. mwaka 2003, hadi ikawa na mamia ya matawi. Mwaka 2017 ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji. Yaani jitu lile lililotisha maduka madogo ya bandarini lilianza likiwa duka dogo kuliko yote, la mtu aliyejua bidhaa moja sawasawa.

Maduka ya mafundi hayakufa yote. Fisheries Supply ya Seattle, iliyoanza 1928, bado ipo. Hamilton Marine ya Searsport, jimbo la Maine, ilianza 1977 ikihudumia wavuvi wa kamba-koche, na hao ndio walioishikilia. Ukitazama kwa makini, yaliyosimama ni yale yaliyomfuata mtu anayekula kwa kazi ya bahari, ambaye kifaa kikimvunjikia Jumanne anarudi Jumatano kukasirika mbele ya meza. Mteja wa namna hiyo huwafundisha wauzaji.

Hata hivyo West Marine walifanya jambo moja ambalo maduka yetu ya dikoni hayajalifanya. Waliandika. Katika katalogi zao waliweka kurasa za ushauri: kamba gani kwa kazi gani, nanga ya uzito gani kwa chombo cha urefu gani, rangi ipi haipatani na ipi. Mtu wa mbali, asiye na mzee wa kumuuliza, alizisoma akapona. Kwetu maarifa yote yamo kichwani mwa mwenye duka, na akifunga duka au akifariki, watoto wake hurithi rafu bila majibu. Hili linaniuma kuliko ushindani wa bei. Ubao mmoja ukutani, wenye mistari kumi ya chaki, ungetosha kuanzia.

Sasa upande wa pili, maana muuzaji wa dikoni si malaika. Kuna vitu ambavyo kwavyo mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye duka kubwa au kwa wakala aliyeidhinishwa. Jaketi la kujiokolea ni la kwanza. Huwezi kulipima kwa jicho wala kwa uzoefu. Ama lina alama ya kiwango, kama ISO 12402 pamoja na nguvu yake ya kuelea, nyutoni 100 au 150, ama ni mto wa sponji wenye mikanda. Fataki za kuomba msaada zina tarehe ya mwisho, na duka linalouza mbili kwa mwaka litakuwa nazo zilizopitwa. Betri na GPS zinahitaji risiti na dhamana. Katika vitu hivi upana wa duka ni ulinzi kwa mnunuzi, kwa kuwa mzigo unatoka upesi na kuna mtu wa kushtakiwa.

Vipuri vya injini vimekaa katikati, na ndipo pesa nyingi hupotelea. Injini za Yamaha za tu-stroki zimejaa mwambao na maziwa yote, na umaarufu wake umeleta vipuri vya bandia kila mahali, maduka madogo kwa makubwa. Impela ya pampu ya maji ni kipande cha mpira kinachoshikika kwa vidole viwili, lakini mpira wake ukiwa duni unakatika mabawa, maji ya kupoza yanakoma, na injini inaungua ndani ya dakika chache. Hapo boksi zuri halisemi kitu. Nunua kwa wakala, au kwa muuzaji ambaye fundi wako wa injini mwenyewe hununua kwake. Oili nayo itazamwe: chupa iandikwe TC-W3, kiwango cha injini za nje zinazopozwa kwa maji. Oili ya pikipiki huacha majivu kwenye plagi na pistoni. Injini nyingi za aina hii huchanganyiwa lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na atakayekuuzia oili ambayo tayari imemiminwa kwenye chupa ya soda, hata akiwa jirani, mwachie mwenyewe.

Chupa za soda zinanileta kwenye faiba, kwa kuwa vyombo vya faiba vinaongezeka kila mwaka na maduka ya dikoni yameanza kuuza resini. Ni bidhaa ngeni kwa daftari la zamani. Resini ya poliesta hufa ikiwa ndani ya kopo. Kiwanda kwa kawaida huipa miezi michache tu, nayo miezi hiyo huhesabiwa kwa ghala lenye ubaridi. Chini ya bati la Tanga au Malindi mwezi wa Februari hupungua sana. Duka dogo lenye kopo moja lililokaa tangu mwaka jana litakuuzia uji unaoganda kabla hujaupaka. Kwa hiyo resini inunuliwe panapotoka mzigo mwingi, na tarehe isomwe.

Kichocheo chake ni hatari zaidi. Huwekwa kidogo tu, asilimia 1 hadi 2 ya resini, na kwenye joto letu mara nyingi 1 inatosha. Ndiyo maana wauzaji hukigawa kidogokidogo katika chupa za maji ya kunywa. Kimiminika hicho ni cheupe kama maji, na tone moja likiingia jichoni linaweza kumpofusha mtu. Chupa hizo hukaa dukani, hukaa botini, hukaa nyumbani wanapocheza watoto. Robo kilo ya pamba nitaendelea kuitetea popote, lakini kichocheo kitoke kiwandani kikiwa kimefungwa, kina jina lake juu, hata kama mnunuzi atalazimika kuchukua kingi kuliko anachohitaji. Mafundi watatu wa diko moja wanaweza kuchangia chupa moja iliyofungwa, na mwenye duka awe ndiye anayeiagiza na kuitunza, kwenye kabati lenye kufuli.